Tusichome Barua za Wazee Wetu

Leo tunaandika juu ya karatasi kuukuu. Twajua wengine watakunja uso. Nchi yetu imeona vita, njaa na ukimbizi; vijana wa Kavumu wanatafuta kazi; bei ya unga yapanda; na katekista mzima anaketi kuandika juu ya barua zilizoliwa na mchwa! Sisi nasi tulikuwa na mawazo hayo hayo. Ndiyo maana twaanza kwa kuungama kosa letu wenyewe, ili msidhani kwamba twawakemea ninyi na kujisafisha sisi.

Miaka michache iliyopita, katika misioni moja tusiyotaka kuitaja, tulipewa kazi ya kusafisha ghala, maana mgeni mkubwa alitazamiwa. Ndani tulikuta masanduku mawili ya mbao yaliyojaa karatasi. Panya walikuwa wamefanya kiota humo. Tulifungua kidogo, tukaona barua zilizoandikwa kwa wino wa zambarau, nyingine kwa Kiswahili cha zamani, nyingine kwa Kimashi, nyingine kwa Kifaransa. Baadhi zilitiwa alama ya dole gumba. Tulisoma mistari miwili, mitatu. Kisha tuliwaambia vijana wachukue masanduku nyuma ya jiko. Moto uliwaka alasiri nzima. Mgeni alifika, akasifu usafi wa nyumba, nasi tukafurahi.

Mwaka uliofuata mama mzee mmoja alishuka kutoka mlimani, akaketi barazani. Alikuwa binti wa katekista wa kwanza wa kilima chao. Alisema, "Mwalimu, mwanangu, marehemu baba alituambia kwamba padri aliweka barua ya shamba letu katika sanduku la misioni. Sasa jirani amesogeza mpaka. Naomba unitafutie barua ile." Tulikaa kimya. Mwishowe tulimwambia ukweli. Hakututukana. Aliuliza tu majivu tuliyatupa wapi. Tulimwonyesha shimo nyuma ya jiko. Akasimama pale kidogo, akashika fimbo yake, akarudi. Kesi ilikwisha bila barua, na nusu ya shamba ikaenda. Kama barua ile ilikuwamo sandukuni au haikuwamo, hakuna awezaye kusema tena. Na hilo ndilo kosa lenyewe: tulichoma bila kusoma.

Tangu siku ile twatazama kwa jicho jingine kila karatasi inayofungiwa karanga sokoni. Na twaona kwamba si sisi peke yetu tuliowasha moto. Katika nyumba nyingi za Bushi na Buhavu, mzee akifa, wiki haijapita na sanduku lake limemwagwa uani. Nguo zagawanywa, sufuria zagawanywa, redio yagombaniwa. Barua hupewa mpishi wa matanga awashie moto. Basi leo twataka kupigana na desturi hiyo, na kujibu mmoja mmoja maneno ya wanaoitetea.

Mfalme mbele ya moto

Tumsikilize kwanza nabii Yeremia. Katika sura ya 36 ya kitabu chake twasoma jinsi alivyomwambia Baruku maneno ya Mungu, naye Baruku akayaandika katika gombo. Gombo likapelekwa kwa mfalme Yehoyakimu. Ulikuwa wakati wa baridi, na mfalme alikuwa ameketi mbele ya moto. Kila iliposomwa sehemu, aliikata kwa kisu akaitupa motoni, mpaka gombo zima likateketea. Watu watatu walimsihi asichome, hakuwasikia. Je, Mungu alifanya nini? Alimwamuru Yeremia atwae gombo jingine na kuyaandika tena maneno yale yale, na mengine mengi yakaongezwa. Kumbe mbele ya Mungu neno lililoandikwa si takataka, na anayelichoma kwa kuwa halimpendezi hashindi.

Mfalme wa pili tunamjua sisi Wakongomani. Mwezi wa Agosti 1908, kabla Kongo haijatolewa mikononi mwake na kutiwa chini ya serikali ya Ubelgiji, Leopold wa Pili aliamuru maandiko ya utawala wake wa Kongo yachomwe huko Brussels. Moto uliwaka siku nane. Alikuwa tayari kuitoa nchi, lakini hakutaka watu wajue aliyoyatenda ndani yake. Mtu hachomi siku nane kitu kisicho na maana! Yule mfalme alijua vema kuliko sisi nguvu ya karatasi.

Walakini hakuweza kuchoma zote. Miaka michache kabla ya moto ule, mwaka 1904 na 1905, tume ya uchunguzi ilizunguka Kongo kusikiliza watu juu ya mateso ya mpira. Mbele ya tume alisimama chifu Lontulu wa Bolima, katika nchi ya Ekwateri. Alileta vijiti 110, akaviweka mezani kimoja kimoja: kila kijiti ni mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1905, lakini ushahidi wenyewe wa watu kama Lontulu haukuchapishwa. Ulifungiwa Ubelgiji miaka mingi sana. Ulifungiwa, lakini haukuchomwa. Leo wataalamu wanausoma, na Lontulu anasema tena.

Tufikiri kidogo hapo, ndugu. Vijiti vile viko wapi? Pengine vilifagiliwa jioni ile ile. Kumbukumbu ya Lontulu ilizikwa pamoja naye. Kilichotufikia ni karatasi ambayo mwandishi aliandika maneno yake. Wale watu 110 wasingekuwa na shahidi duniani leo kama karatasi ile ingekuwa imepewa mpishi.

"Karatasi ni mambo ya Wazungu"

Neno la kwanza tunalolisikia ni hili: "Sisi Waafrika ni watu wa masimulizi. Wazee wetu walihifadhi mambo moyoni. Karatasi ni mambo ya Wazungu." Wanaosema hivi hudhani wanawaheshimu mababu. Kwa kweli wanawatukana bila kujua.

Mfalme Afonso wa Kwanza wa Kongo, Mkristu, aliandika barua zaidi ya 20 ambazo zimebaki hata leo katika hifadhi ya Torre do Tombo huko Lisbon. Mwaka 1526 alimwandikia mfalme João wa Tatu wa Ureno akilalamika kwamba wafanya biashara wanawakamata watu wake, hata wana wa wakubwa na jamaa zake, na kuwauza utumwani. Aliomba apelekewe mapadri na walimu, na divai na unga kwa ajili ya Misa, wala si wafanya biashara wale. Mtu mweusi, mfalme wetu, karibu miaka 500 iliyopita, alishika kalamu akaushitaki utumwa. Kama barua ile isingehifadhiwa, leo tungeambiwa kwamba hakuna Mwafrika aliyekataa.

Watu wa pwani waliotupa lugha hii tunayoiandika nao hawakungoja Mzungu awafundishe barua. Ziko barua za Kiswahili, zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa Goa, nchi ya India. Na sisi makatekista tunaye mzee wetu Adriano Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Sudani ya Magharibi, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea utabibu Malta, akafika Karema ng'ambo ya ziwa Tanganyika mwaka 1889. Akatumika huko, katekista na tabibu, mpaka kufa kwake mwaka 1956. Habari za maisha yake alizieleza mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1946. Makatekista wangapi wa wakati wake walifanya kazi kama yeye, na leo hatujui hata majina yao? Tofauti si utakatifu. Tofauti ni kwamba maneno ya Atiman yaliandikwa na kutunzwa.

Hatuyadharau masimulizi. Nani kati yetu hakukaa jioni kumsikiliza nyanya yake? Lakini simulizi hufuata mdomo wa msimulizi. Kila mmoja hupunguza na kuongeza. Masimulizi na barua ni kama miguu miwili: mtu hutembea vema kwa yote miwili. Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo ni la Waswahili, si la Wazungu.

Tena sisi ni Wakristu. Kati ya vitabu 27 vya Agano Jipya, 21 ni barua. Mtu aliandika, mwingine akabeba, wa tatu akatunza, wa nne akanakili. Mtakatifu Paulo alipokuwa mfungwa na kifo kikikaribia, alimwomba Timoteo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mzee yule hana mali, baridi yamtesa, akumbuka vitabu vyake! Kama Wakristu wa Korintho wangefanya kama sisi tulivyofanya ghalani, Dominika tungesoma nini kanisani?

"Zirudi kwanza zile zilizoko Ulaya"

Wengine, hasa vijana wasomi, husema kwa hasira: "Wazungu walichukua kila kitu. Maandiko yetu yako Roma, yako Tervuren, yako Brussels. Wayarudishe kwanza, ndipo mtuambie kutunza."

Hasira yao ina haki, wala hatutaki kuizima. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliagiza kila misioni iandike kitabu cha habari za kila siku: nani amefika, nani amebatizwa, nani ameugua, mvua imenyesha au haikunyesha, mwami amesema nini. Vitabu vya namna hiyo kutoka nchi zetu vinasomwa leo katika hifadhi ya Shirika lao huko Roma. Barua na daftari za Stanley ziko Tervuren. Humo humo Tervuren yamo maandiko ya Émile Storms, askari wa Kibelgiji aliyejenga ngome ya Mpala kando ya Tanganyika mwaka 1883. Mwezi wa Desemba 1884 watu wake walimwua chifu Lusinga, kichwa kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ubelgiji. Storms mwenyewe aliandika mambo hayo kwa mkono wake. Mwana wa Kavumu akitaka kusoma mambo ya nchi yake mwenyewe, yambidi kupata pasipoti, visa na tikiti ya ndege. Je, hilo ni haki? Si haki, nasi twalisema bila kuogopa.

Lakini tuwaulize vijana hawa swali moja. Zikirudi kesho asubuhi, tutaziweka wapi? Katika ghala la panya? Tutamkabidhi nani ufunguo? Yule anayedai mali yake huku akiharibu iliyo mkononi mwake, mahakama itamcheka. Tuseme na jambo jingine lenye uchungu: barua nyingi zilizopelekwa Roma ziko salama, na nyingi zilizobaki kwetu zimekwisha. Zile za nyuma ya jiko hakuchoma Mzungu. Tulichoma sisi.

Basi madai yetu yawe mawili kwa pamoja. Kwa wenye hifadhi za Ulaya twasema: tuleteeni nakala, tuleteeni na orodha, bila kutuuzia habari za babu zetu. Siku hizi kazi hiyo yawezekana bila meli wala posta. Na kwetu wenyewe twasema: tutayarishe kabati. Aombaye mbegu hulima kwanza shamba.

"Barua za kale huleta aibu na ugomvi"

Neno la tatu husemwa kwa sauti ya chini: "Katika masanduku yale mna mambo ya ndoa, ya watoto wa nje, ya mashamba, ya mapadri waliogombana. Kuyafungua ni kufukua kaburi. Heri yachomwe, amani ikae."

Twaelewa hofu hiyo, maana twaishi vilimani na twajua ugomvi wa mpaka unavyoweza kumwaga damu. Lakini tuangalie vema. Yule mama mzee hakunyimwa haki na barua. Alinyimwa na moto. Mwenye nguvu hahitaji barua, maana ana fimbo na ana fedha ya kumpa karani. Anayehitaji barua ni mjane, ni yatima, ni mkimbizi anayerudi baada ya miaka na kukuta mtu mwingine analima shambani mwake. Kila karatasi inayochomwa, mwenye nguvu hupata rafiki.

Kuhusu aibu, Kanisa lenyewe limetuonyesha njia. Papa Leo wa Kumi na Tatu alifungulia wataalamu hifadhi ya Vatikano mwaka 1881. Na tarehe 2 Machi 2020 Papa Fransisko alifungua maandiko ya wakati wa Papa Pio wa Kumi na Mbili, miaka ya vita kuu, ijapokuwa watu walikuwa wakibishana vikali juu yake; alisema kwamba Kanisa haliogopi historia. Je, sisi wa vilima vya Kivu tuna siri kubwa kuliko za Vatikano?

Lakini kutochoma si kutangaza. Sheria ya Kanisa yaagiza askofu awe na hifadhi ya siri yenye ufunguo wake peke yake. Mambo ya dhamiri na ya watu walio hai hufungwa, hayabandikwi mlangoni. Yako mambo ambayo sheria yenyewe yaagiza yaharibiwe kwa wakati wake, na mwenye kuamua ni mwenye mamlaka, si katekista mwenye haraka ya kufagia. Kati ya kufungua kila kitu na kuchoma kila kitu iko njia ya tatu: kabati lenye kufuli na mtu mwaminifu.

"Vita vitakuja, vitachoma tu"

Neno la nne ni la huzuni, na hatutamcheka anayelisema. "Mwatunza kwa ajili ya nani? Vita vya 1996 vilipita, vya 1998 vikapita, Bukavu iliporwa mwaka 2004, na Februari 2025 vita vilifika uwanja wa ndege wa hapa Kavumu na kuingia mjini Bukavu. Askari hahurumii kabati."

Ni kweli. Lakini tukumbuke maaskofu wetu. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliandika barua baada ya barua wakati wakimbizi walipojaa nchini mwetu: kwa Wakristu, na kwa wakubwa wa dunia ambao hawakutaka kusikia. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa Nyawera, mjini Bukavu. Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, aliandika barua ya Noeli ya mwaka 1999, akiwalaumu wageni wanaopora mali ya nchi wakisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu wenyewe. Kwa sababu ya maneno yake alizuiwa Februari 2000 asirudi Bukavu, akapelekwa Butembo. Alirudi Septemba ya mwaka ule ule, na tarehe 4 Oktoba akafa Roma.

Sasa tujiulize, kila mtu katika parokia yake. Barua hizo zilikuwa zetu. Ziliandikwa kwa ajili yetu. Nakala ziko wapi? Ni nani katika shirika lako aweza kuitoa ile ya Noeli na kumsomea kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000? Wenye bunduki walimwondoa askofu kwa sababu ya barua. Sisi tuliompenda tumeipoteza barua. Nani basi amemaliza kazi ya wenye bunduki?

Tuwaangalie tena wafiadini wa jimbo jirani la Uvira: Luigi Carrara, Giovanni Didoné na Vittorio Faccin, Waksaveri, na Abbé Albert Joubert, aliyezaliwa kando ya Tanganyika, baba yake Mfaransa na mama yake Mwafrika. Waliuawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Walitangazwa wenye heri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Hesabuni: karibu miaka 60. Wengi waliowaona kwa macho walikuwa wamekwisha kufa. Na Kanisa, kabla ya kumtangaza mtu mwenye heri, huagiza yatafutwe maandiko yake, yaliyochapishwa na yasiyochapishwa, barua na daftari pia. Huenda katika vijiji vyetu wapo wengine waliomfia Kristu ambao hatutawaona kamwe altareni, kwa sababu ushahidi wao ulifungiwa mandazi.

Kwa hiyo vita si sababu ya kuacha; ni sababu ya kufanya haraka na kufanya nakala. Yehoyakimu alichoma gombo moja, lakini Baruku alikuwa hai na wino ulikuwapo.

"Simu yangu inatosha"

Vijana wana neno lao: "Twapiga picha kwa simu, basi." Ni vizuri, pigeni! Lakini simu huanguka ziwani, huibwa barabarani, huuzwa siku ya shida. Na picha isiyo na jina, mahali wala tarehe, baada ya miaka kumi ni kama mfuko usio na mwenyewe. Nendeni Lwiro, hapa karibu, katika kituo cha uchunguzi kilichojengwa na IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947. Mtaona nyoka katika chupa, na juu ya chupa kikaratasi: jina lake, alikamatwa wapi, lini. Nyoka ana jina na tarehe; na babu yako aliyeleta Injili kilimani je?

Tufanye nini basi?

Hatuombi nyumba ya ghorofa wala fedha za Ulaya. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imekwisha sema. Kanuni ya 535 yaagiza kila parokia iwe na mahali pa kuhifadhi vitabu vyake, pamoja na barua za maaskofu na maandiko mengine yenye faida, na vitabu vya zamani navyo vitunzwe kwa uangalifu. Kanuni ya 491 yaagiza orodha ya maandiko hayo ifanywe nakala mbili: moja ibaki mahali pake, nyingine iende jimboni. Mwaka 1997 Vatikano ilitoa barua nzima juu ya kazi ya kichungaji ya hifadhi za Kanisa. Basi si mambo ya wazimu wa katekista mmoja. Ni utii tu.

Twapendekeza mambo matano. La kwanza, kabati moja la chuma katika kila parokia, mbali na sakafu yenye unyevu, lenye funguo mbili: moja kwa paroko, moja kwa mlei aliyechaguliwa na baraza. La pili, daftari la orodha: kila karatasi inayoingia iandikwe nani aliileta, ya mwaka gani, inasema juu ya nini. La tatu, asiondoke nayo mtu, awe mkubwa namna gani. Asomaye asome pale pale. La nne, jamaa wenye barua za wazee wasidaiwe kuzitoa. Walete zinakiliwe, kisha warudi nazo nyumbani, na wakitaka jambo lifichwe lifichwe. La tano, kabla ya kuchoma karatasi yoyote ya misioni au ya marehemu, zisome kwanza watu wawili, na mmoja awe mzee anayejua majina ya vilima.

Katika shirika letu tumekwisha anza. Hatuna bado kabati la chuma. Tuna sanduku la bati lililotolewa na mjane mmoja, na daftari la kurasa 100. Mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu, tuliweka meza nje ya kikanisa baada ya ibada. Wa kwanza kuja alileta kadi ya ubatizo ya nyanya yake. Wa pili alileta barua ambayo baba yake aliipeleka nyumbani alipokuwa akifanya kazi mbali. Wa tatu alikuja mikono mitupu, akauliza kama mama yake, asiyejua kuandika, angeweza kusema maneno yake sisi tukaandika. Tukaandika kurasa nne, naye mama akatia dole gumba.

Kisha tulipanda mlimani kwa yule mama wa shamba. Hatukuwa na cha kumrudishia. Tulimwomba atuambie habari za baba yake katekista: alibatizwa wapi, aliwafundisha nani, mpaka wa shamba ulipita kwenye mti gani. Alitutazama kwa muda, akauliza, "Na hizi je, mtazichoma lini?" Tulistahili. Kisha akasogeza kigoda, akaanza kusema. Maneno yake yamo sandukuni, karatasi ya saba katika orodha, na nakala yake imekwisha pelekwa Bukavu.